Kanuni za Turuma

Daftari la kaunta, kurasa mia mbili,
nimelinunua Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na juu ya jalada nimeandika TURUMA,
nchi isiyokuwapo,
ambayo tayari ninaidai kodi.

Nilianza na moto.
Mchawi wa moto, nikaandika, hakusanyi kuni;
anatoa joto mwilini mwake.
Akiwasha jiko la mchele, vidole vinakufa ganzi.
Akichoma ghala la adui
atalala na mablanketi matatu mwezi wa Februari,
meno yakigongana,
wakati jirani yake amelala kibarazani bila shati.

Maji hulipwa kwa kiu.
Ukiita mvua ya siku moja, siku moja hunywi.
Waita-mafuriko nimewachora wembamba, weupe,
kama katani iliyoanikwa kwenye waya za Amboni.

Upepo hulipwa kwa pumzi.
Hapo chumba cha pili kikakohoa.
Nikaruka mistari kumi na miwili,
nikaenda kwenye udongo.

Mama akapita na beseni la nguo, akasoma begani mwangu.
"Neno hilo andika popote, Mwanakheri,
si chini ya bati langu."
Nikamwambia: mama, wenzetu wa bara wakisikia tu Tanga
wanafunika glasi zao harusini.
Hakucheka.
"Andika fundi," akasema, akaenda kuanika.

Basi nikafuta.
Kila penye mchawi nikaweka fundi,
ukurasa kwa ukurasa, kifutio kikaisha nusu:
fundi wa moto, fundi wa maji,
na kabla jioni haijaingia
Turuma nzima ilikuwa inaamka saa kumi na moja alfajiri
inatafuta viatu vyake.

Baba akaomba nimsomee.
Miaka ishirini na sita alifunga mifuko ya saruji Pongwe,
akirudi na baiskeli, kope nyeupe,
sisi tukimkimbia tukidhani ni babu.
Alisikiliza moto. Alisikiliza maji.
Kwenye udongo akainua kidole.

"Huyo fundi wako, analipwa kwa siku au kwa mwezi?"

Halipwi, baba. Yeye ndiye anayelipa.

Akacheka, au akakohoa, sikujua kipi kilitangulia.
"Basi hapo hujabuni kitu."

Nikamwonyesha kago la kusimamisha nyumba,
lile fundi wa udongo analolisema akiwa amepiga magoti:

*Udongo wangu inuka,*
*kuta zipate kushika,*
*kifua kikikauka*
*deni langu liwe nyumba.*

Akahesabu mizani kwa vidole kwenye ukingo wa kitanda,
nane, nane,
akasimama kwenye mstari wa tatu.
"Vumbi halikaushi," akasema. "Linajaza."
Akageukia ukutani, kama mtu aliyemaliza zamu.

*Kifua kikijazika.*
Mizani haikupungua. Kina hakikuvunjika.
Nimeliandika kwa wino.

Mhina, mdogo wangu, anataka kujua nani mwovu wa hadithi.
Anataka joka, anataka vita vya upanga.
Nimemwahidi joka.
Sijamwambia kwamba usiku nachora ramani ya Turuma
na kila nyumba iliyosimama
naandika pembeni, kwa herufi ndogo, kifua cha nani,
na kwamba nimefika mji wa tatu
na majina yamezidi nafasi.

Umeme wa luku umekata. Nimewasha simu.
Ukurasa wa kumi na tisa bado una shimo,
mistari kumi na miwili, *Upepo hulipwa kwa pumzi,*
na chini yake hakuna kitu.
Kiasi gani? Kwa pigo moja, au kidogo kidogo?
Na anayedaiwa anaweza kulipiwa na mwanawe?

Chumba cha pili kimenyamaza.
Kalamu iko juu ya karatasi, haigusi.
Nangoja akohoe
ndipo niandike.