Sitini na Nane

Harith kaja na Maksima yake Wadi Kabir saa tisa mchana,
Julai, saa ambayo hata paka wa gereji
huhamia chini ya lori la maji.
Kafungua boneti kama sanduku la bibi harusi:
filta ya koni, nyekundu, inang'aa,
bomba la alumini nene kama paja la mbuzi,
rial themanini na tano, kanunua Barka
kwa mtu aliyemwapia.

"Sikiliza, da Rayya," akakanyaga.
Ikanguruma. Sikatai, ilinguruma.
Methali ya debe nikaimeza.

Nikachomeka waya, nikasoma.
Hewa inayoingia: digrii sitini na nane.
Nje arobaini na sita.
Yaani pua ya gari umeiweka mgongoni mwa redieta,
inavuta jasho lake yenyewe.
Hewa ya moto ni nyepesi, mdogo wangu.
Unalipia pumzi, unapewa mvuke.

Akasema: lakini bomba ni pana.

Bibi yangu alipepea seredani miaka arobaini,
Unguja kisha Al Khoudh, seredani ileile,
wala hakupepea kwa nguvu.
Alitafuta pembe.
Ndani ya bomba pana hewa hutembea kama mgeni wa harusi,
haina haraka. Kule juu, mizunguko elfu sita, sawa,
lakini wewe unaishi elfu mbili na nusu,
kwenye taa za Ruwi, nyuma ya basi.

Shaji, bila neno, kavuta kiwiko cha mpira,
kakikunja kwenye mwanga: ufa,
mrefu kama ukucha, baada ya sensa.
Hewa ya wizi.
Sensa inahesabu vikombe kumi, injini inakunywa kumi na moja,
ndiyo maana ilikohoa kila alfajiri
na yeye akilaumu petroli.

Siku mbili. Tulikata bati la friji bovu,
tukakunja sanduku, kingo tukaziba
kwa mpira wa mlango wa Patroli iliyopinduka.
Bomba la kiwandani likarudi, jembamba, jeusi;
Harith akalitazama kama kijana
aliyenunuliwa tena viatu vya shule.
Mdomo tukaushusha nyuma ya bampa, kushoto,
palipokuwa na taa ya ukungu.
Filta ya karatasi, rial tatu na nusu.
Vumbi letu lina meno.

Saa nane usiku tukaupanda mlima wa Amerat,
mimi kiti cha kulia, laptopu mapajani.
Arobaini na tisa. Arobaini na tatu.
Hewa ilipozidi uzito nikaongeza petroli, tone, tone jingine,
mpaka namba zikaacha kugombana.
Arobaini.
Gia ya tatu, lami imesimama kama ukuta,
na gari haikuomba ya pili.
Tulilipita lori la kokoto. Dereva hakugeuza hata shingo.

Kileleni akazima. Chuma kikapoa, tik, tik.
"Imekuwa nyepesi," akasema.
Kisha: "Lakini haisikiki."
Wenzako hawatajua, nikamwambia.
"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo."

Koni nyekundu ikabaki rafuni,
Shaji akaijaza skrubu.
Wiki ya pili gari likaingia taratibu, nikadhani kaja kuidai.
Hakuitazama.
Alitaka kujua kama ile arobaini
inaweza kushuka thelathini na tisa.