Sekunde Kumi na Moja

Chumba chetu kiko chini ya jukwaa, uwanja wa Sohar,
kati ya stoo ya maji ya chupa na choo cha waamuzi.
Mechi kamili sijawahi kuiona. Naisikia:
miguu ya watu juu ya dari, mvua ya mabatini
ambayo mji huu hauijui.

Mbele yangu skrini tatu, kikombe cha karaki iliyoota utando,
na Sajeev mgongoni: "Kata! Kata kabla hawajapoa!"
Goli likiingia nina dakika moja na nusu.
Ikitimu ya pili, wenzetu wa Maskati wameshatutangulia,
na klipu iliyochelewa
ni rambirambi ya baada ya arubaini.

Uwanja ni mpana, simu ni nyembamba.
Ndiyo kazi yangu hasa: kuusimamisha wima
uwanja uliolala.
Cha kushoto kinakwenda zake, cha kulia kinakwenda zake,
anabaki mtu mmoja na kosa lake.

Dakika ya sabini na nane Hamduni, beki, aliteleza.
Nilimwona. Alikuwa kushoto, mguu umetangulia bila yeye,
mpira ukamgonga goti ukabadili nia.
Mutasim kipa alikwisha ruka
upande uliokuwa sahihi nusu sekunde nyuma.
Akadaka hewa, akaikumbatia.

Nikakata.
Hamduni akabaki nje ya fremu, yeye na goti lake.
Nikatia sauti ya mbuzi.
Nikaandika: *Mlango wazi, karibuni ndani.*
Nikatuma.

Karaki haijaisha, watu elfu arubaini.
Alfajiri, milioni na ushei;
mbuzi wangu anajulikana Kuwaiti, anajulikana Doha,
binamu kanirushia kutoka Mombasa: "Umemwona huyu?"
Sajeev akaniletea shawarma kwa mikono miwili,
kama anayekabidhi mahari.

Ijumaa nikenda kwa bibi.
Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete, miaka hamsini na mbili Oman,
na bado ndoto zake haziongei Kiarabu.
Nikampa simu. Akavaa miwani.
Akatazama mara moja, mara tatu, mara tisa.
"Masikini mwana wa watu! Kafungwa tisa?"
"Moja, bibi. Inajirudia."
"Haijui kwenda mbele?"
"Imeishia hapo."
"Hadithi haiishii mtu akiwa chini.
Haya, kafungwa. Kisha?"

Kisha, bibi,
aliinuka akaufuata mpira wavuni,
akaufuta kwa tumbo la fulana yake
kama mtu afutaye embe kabla ya kumpa mtoto,
akaurusha kati.
Kisha akamwendea Hamduni,
akamkung'uta nyasi mgongoni, akamnong'oneza neno
ambalo maikrofoni zetu zote hazikulipata.
Ninayo. Sekunde kumi na moja.
Hamduni yumo, mzima, na goti lake.
Sajeev aliitazama mpaka mwisho, nakiri,
kisha akasema: "Haina ndoano."

Jana nikamkuta Mutasim kwenye kibanda cha chai
karibu na njia ya bandarini, na sare yake ya zimamoto.
Ndani ya gari fulani mtoto akalia: *Meee!*
Watu wakacheka. Naye akacheka,
akacheka vizuri, kama aliyefanya mazoezi,
akalipa, akaondoka bila kungoja chenji.
Mwenye kibanda aliniona nimesimama nyuma yake,
akadhani tuko pamoja.
"Mpe mwenzio," akasema.

Baisa mia mbili.
Ziko mfukoni, zinagongana na simu kila nikipanda ngazi.

Kesho tunacheza tena. Sajeev ameshatuma sauti mpya,
mara hii ni punda.
Bibi amepiga mara mbili, sijapokea.
Najua neno atakaloanzia.