Kava la Feni

Gujranwala, mwezi wa Juni, tulipanda watano:
Hamza juu ya tanki, mimi kwenye usukani,
mama yao kakaa ubavu, kichanga pajani,
na Mahnoor katikati, miguu inaning'inia
haina pa kukanyaga.

Nilisikia kama kijiti kinavunjika.
Nikadhani jiwe.
Gurudumu likagoma. Halafu ule ukelele.

Spoki hazina kinyongo. Huzunguka, basi.
Ndala tuliiokota nyuma, nzima,
hata mkanda haukukatika;
kisigino ndicho kilichofunguka kama bahasha.

Daktari Farzana alishona kimya,
kisha akauliza bila kuinua macho:
"Feni yako nyumbani ina kava?"
Ina.
"La nini?"
Watoto wasitie vidole.
Akakata uzi. Hakuongeza neno.

Kwa muuza vyuma chakavu nikapata mawili,
ya feni zilizokwisha kufa, yana kutu.
Ilyas akayachomelea, moja kila upande wa tairi,
akaongeza vikanyagio vifupi
kwa kipimo cha mguu wa mtoto, si wangu.

Mtaa mzima ukacheka:
"Zubair, pikipiki yako inampepea nani?"
Nikacheka nao.
Jana mmojawao kaja usiku, mwanawe begani,
anauliza bei kwa sauti ya chini.

Mahnoor sasa huvaa viatu vya kufunga.
Kabla sijapiga kiki hunivuta shati: "Ngoja."
Anatafuta chuma kwa unyayo,
kwanza wa kulia,
halafu ule wenye mshono.

Nangoja.