Mia Saba Arobaini na Mbili

Waliichapa mbele yangu, wino ungali moto:
mia saba arobaini na mbili.
Felix Odanga wa dirisha la mikopo
akaizungushia kalamu mara mbili, akasema,
"Mama Khasiala, wachache hapa Kakamega wana hii."
Nikanyoosha mgongo
kama mtoto aliyetajwa jina siku ya kufunga shule.

Miaka tisa hiyo.
Miaka tisa ya kulipa tarehe tatu, deni likiwa la tarehe tano,
ya cherehani ya pili kuisha kulipwa
kabla haijabadilishwa mshipi.
Na ule mwaka shule zilipofungwa,
sketi za kijani mia na kumi zikalala magunia,
nikauza kuku, nikauza na jogoo,
ili jina langu lisipelekwe CRB, kule majina huozea.

Basi nikauliza kadi, na riba yake.
Akanigeuzia kioo cha kompyuta:
asilimia tatu na nusu, kila mwezi.
Nikadhani amefungua faili ya mtu mwingine.

Maana Pamphil, jirani yangu, karani wa kaunti,
yule anayejifungia msalani simu za wadai zikilia,
alama zake ni mia sita na vichenji,
na kadi yake ni mbili na robo.
Alinionyesha mwenyewe, akicheka.

Odanga hakucheka. Kijana ana adabu.
Akasema mshahara wa Pamphil hupita hapa
kabla Pamphil hajauona; mwajiri wake ana mkataba nasi.
Pesa zako, mama, Januari ni mafuriko, Juni ni ukungu.
Tena bei ya kadi hupangwa Nairobi na watu wasiokujua,
na hata sisi pesa tunazinunua kwanza.
Alama inasema utalipa.
Haisemi utalipa ngapi.

Nikatoka na neno hilo mdomoni kama pini.
Sisi mafundi hushika pini kwa midomo,
hatusemi hadi pindo likae.

Mvua ya saa tisa ikanikuta kibandani.
Nikafungua daftari la wateja nihesabu nani ananidai, nani namdai,
nikakutana na Roselida.
Roselida Makungu, mama wa watoto watano,
sare kumi kila mwaka,
hulipa kabla sijatia mkasi kitambaani.
Na bei yake?
Kamili. Miaka saba, kamili.
Niliyekuwa nikimpunguzia ni Mama Brayo,
mwenye kelele, mwenye kumtaja fundi wa ng'ambo ya barabara,
anayeshika kitambaa, akakiachilia,
akaenda hatua nne akingoja nimwite.
Nami humwita.
Roselida sikuwahi kumpunguzia
kwa kuwa sikuwahi kuogopa kumpoteza.

Mvua ilipiga mabati hadi nikakosa kusikia cherehani,
na mguu wangu bado uko kwenye kanyagio.
Mlipaji mwema ni shamba lisilo na ua.
Kila mbuzi analijua.

Alhamisi nikarudi benki
na karatasi yangu, na nyingine kutoka sacco ya soko
iliyoandikwa moja na nusu.
Nikaziweka mezani bega kwa bega.
Nikazishika kona, nikaziachilia,
nikainuka, nikashika mlango.
Hatua moja. Mbili.
Ya tatu niliipiga polepole, sikuzoea,
magoti yangu ni ya kupiga foleni.
"Mama Khasiala," Odanga akaita,
"ngoja nizungumze na meneja."

Meneja yuko Eldoret hadi Jumatatu.

Jana Roselida alikuja kuchukua sweta za wale wadogo,
noti zimekunjwa sawasawa, kama kawaida.
Nikamrudishia mia mbili.
Akaiangalia ile noti, akaniangalia,
akaligeuza sweta nje ndani, akalichunguza mshono kwa mshono.
"Kwani, dada," akauliza,
"lina kasoro gani?"