Shubiri Mbili na Vidole Vitatu

Tulimpangia saa moja.
Kati ya chai ya asubuhi na kuogelea Shela
tuliandika kwenye karatasi ya safari:
Ami Shekuwe, Langoni.
Kama mtu aandikaye: kununua maji.

Kichochoroni punda alitubana ukutani,
mke wangu akazikumbatia zabibu kama mtoto mchanga.
Mlangoni Bi Mwanamkasi, leso begani inanuka Detoli:
"Ndooni, ngiani. Yeo hajambo, yeo amekunywa uji."
Alisema hivyo akitutazama viatu.

Kitanda kimeshushwa msana wa chini,
ngazi zimemshinda.
Na juu yake Ami, au kanzu ya Ami
iliyolazwa vizuri ikaachwa.
Koo ndilo lililoanza. Sauti ikafuata.
Sasa husema kwa kalamu, nyuma ya kurasa za kalenda,
miezi ambayo imekwisha pita.
Akaandika: Mmekula?

Nikasema, umenawiri.
Mungu anisamehe.
Nikasema daktari wa Mombasa, nikasema subira,
nikasema Nairobi baridi mwaka huu, baridi kweli.
Mimi mwenye koo zima
sikutoa neno hata moja lililoweza kusimama.
Zabibu hazikuwa na pa kupita kwake.
Tukazila sisi, moja moja, kwa aibu.

Cherehani pembeni, imefunikwa shuka la maua.
Miaka ishirini, kila Idi, kifurushi kilitufikia kwa basi,
kanzu zimefungwa gazeti,
darizi shingoni, mikono haizidi wala haipungui,
naye hajatupima! Alikisia kwa simu:
"Mtoto amefika wapi? Kwenye kitasa cha mlango?"

Mwanangu Aboud alikuwa amesimama
na boya lake kiunoni, bata wa manjano,
hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia alivue.
Ami akamwita kwa kidole.
Akaanzia begani,
akakunjua kiganja: shubiri.
Akakikunja, akakikunjua: shubiri.
Kisha vidole vitatu, hadi kifundoni.
Akafumba macho kama anayeficha fedha.

"Ananishonea?" akauliza mtoto,
kwa sauti ile isiyojua kunong'ona.
Bi Mwanamkasi akainuka kwenda kutazama chai
ambayo hakuwa ameibandika.

Ami akavuta kalenda.
Nyuma ya mwezi wa Machi, herufi zikiteleza,
akamwandikia mkewe, si sisi:
Wacha upindo mpana.

Nahodha alipiga simu mara tatu. Nikaizima.
Boya mtoto alilivua mwenyewe,
likalala sakafuni likitoa pumzi kidogo kidogo,
na sote tukalisikia.

Usiku, hotelini, alipokwisha lala
niliupima mkono wake kwa kiganja changu.
Zikatoka mbili kamili.
Nikarudia. Zikatoka mbili na kidole.
Sijui nakosea wapi pa kuanzia.