Chumvi ya Chumba cha Chini

Nyumba yetu ya Isamilo ina mguu mmoja ndani ya mlima.
Chumba cha chini baba alikichonga kwenye udongo na mawe,
ukuta wa nyuma ukaegemea kilima
kama mgonjwa aliyeegemea mgonjwa.

Kila masika huota weupe.
Si fangasi. Ni manyoya,
laini kama unga kwenye nyusi za mwenye mashine ya kusaga.
Nimepaka rangi ya maziwa, nikapaka ya krimu,
nikapaka ile ya mafuta ambayo muuza duka wa Makoroboi
aliniapia haipitishi hata dhambi.
Mwezi wa nne ikavimba malengelenge,
ikapasuka,
weupe ukachungulia.

Mpangaji wangu Misoji alihamisha cherehani,
kisha kitanda, kisha akahama yeye.
Hakunidai kitu. Alisema tu nguo za wateja
zinatoka mle na harufu ya kaburi bichi.

Nikalilaumu ziwa. Nani asingelilaumu,
mwaka ule lilivyopanda likaketi barazani mwa watu?
Nikadhani linanyemelea, usiku,
jiwe kwa jiwe, mpaka kwangu.

Fundi Nkwabi akaja na msumari.
Akakwangua, akaonja kwa ncha ya ulimi,
akageuka kando, akatema kwa adabu.
"Ziwa unalinywa tangu utoto. Limewahi kuwa na chumvi?"
Sikujibu.
"Hii ni ya ukuta wenyewe. Imo kwenye tofali, imo kwenye simenti.
Maji hayakuileta. Maji yameipa miguu."

Akabandua lipu chini kabisa,
pale msingi unapokutana na tofali la kwanza,
akaingiza kidole kutafuta nailoni.
Akaingiza cha pili.

Daftari la baba bado ninalo.
Machi 1989. Mawe, tripu nne. Mchanga. Kokoto.
Nailoni: imekatwa kwa kalamu nyekundu.
Chini yake, kwa mwandiko uleule usio na haraka:
ada ya Nyanzobe, kidato cha kwanza.
Sanduku. Viatu.

Nyanzobe ni mimi.

Nkwabi kasema nisioshe, maji huita maji.
Tuchimbe mtaro huko nyuma, tujaze kokoto,
lipu yote itoke, ukuta upumue.
Sawa. Vijana wa sururu wanaanza Jumatatu.

Leo nafagia kwa brashi kavu,
kutoka juu, taratibu,
na ule unga unaniangukia mikononi.
Viatu nimeviacha mlangoni.