Fiati ya Nesi Nyevu

Mjini Malindi zilikuwa saba.
Moja ilizama Sabaki na mikungu yake ya ndizi,
mbili zilipimwa kwa kilo, chuma chakavu,
tatu sizijui. Chumvi haiandiki daftari.

Imebaki hii, rangi ya maziwa yaliyolala,
kiduchu; ukiipita usiku utadhani mbuzi kajilaza.
Sakafu niliiziba kwa debe la mafuta ya kupikia,
gasketi nikaikata kwenye kandambili yangu ya kushoto,
kebo ya klachi ni ya tuktuk,
na mlango wa abiria unafungwa kwa leso
iliyoandikwa SINA HARAKA.

Jana alikuja mnunuzi.
Akapiga magoti, akachungulia uvunguni
kama mtu atafutaye paka.
"Yote ni ya asili?"
Nesi akanitazama.
Honi, nikasema. Honi ni ya asili.

Akataja bei.
Nesi akahesabu kwa vidole, akafika cha nne, akaacha.
"Rudi Jumatatu. Leo ina safari ya Gede,
kuna mama ana uchungu tangu alfajiri."

Tukaisukuma, mimi na mnunuzi,
viatu vyake vyeupe vikimeza mchanga.
Ikakohoa mara mbili,
ikawaka.